Gershom Ngowa na Banda la Ngumi

Mwaka ambao wanajeshi walijenga lile banda kubwa pale Changamwe, Milcah Kafedha alikuwa na mimba yake ya kwanza, na harufu ya rangi mbichi ya mabati ilimtapisha kila alipopita kwenda kisimani. Alilichukia banda kabla halijaezekwa. Baadaye aliuza mihogo ya kukaanga mlangoni pake kwa miaka sita, na mumewe akajipatia jina ndani yake, lakini hata hivyo hakuwahi kusema kwamba alilipenda. Watu walipomuuliza, alijibu tu kuwa banda lilikuwa pale, naye alikuwa pale.

Lilianza kama ghala. Ulikuwa mwaka wa arobaini na mbili, vita vimepamba moto ng'ambo, na Changamwe yote imejaa malori, mahema na askari wa kila kabila. Mikorosho ilikatwa, nguzo za chuma zikasimamishwa, mabati yakapigwa, na ndani yakapangwa maturubai na vipuri vya ndege. Mwaka haujapinduka, mkubwa mmoja wa jeshi akachoshwa na ulevi na ugomvi wa askari wake. Akaamuru vitu vihamishwe na ghala ligeuzwe nyumba ya michezo. Mateka wa Kitaliano waliletwa kutandaza sakafu ya mbao za mvule juu ya magogo, kufunika shimo refu la simenti lililokuwa la kuwekea vipuri. Walifanya kazi bila haraka, kama watu wasio na pa kwenda, na mbao zao zilikaa sawasawa hata ukucha haukupenya katikati ya moja na nyingine.

Ulingo wa ndondi ukawekwa katikati, mabenchi pande zote nne, na upande wa mashariki jukwaa la bendi. Alhamisi palikuwa na sinema, Ijumaa dansi, Jumamosi alasiri ndondi. Jumapili asubuhi padri wa jeshi alisalisha humo humo, huku kamba za ulingo zimefunguliwa na kuviringwa pembeni. Wazungu walikuwa na jina lao la banda, la jenerali wao fulani, limeandikwa kwa rangi nyeupe juu ya mlango. Wenyeji hawakujisumbua nalo. Wao waliliita Banda la Ngumi.

Mumewe Kafedha, Gershom Ngowa, hakuingia humo kama bondia. Alikuwa Mrabai, kuli wa Kilindini, mtu mpana wa mabega, mpole wa maneno, anayeimba sauti ya chini kanisani. Jumamosi moja aliitwa pamoja na wenzake kushusha mabenchi mapya kutoka kwenye lori. Siku hiyo askari mmoja wa kutoka bara alikuwa amekosa mpinzani, kwa kuwa aliyepangiwa alishikwa na homa. Refa akawageukia makuli akauliza kama kuna mwanamume kati yao. Wote walicheka. Gershom akaweka benchi chini akasema, "Mimi nipo."

Hakuwa amewahi kuvaa glavu. Alipigwa raundi mbili mpaka watu wakaanza kumwonea huruma, na ya tatu akampata yule askari ubavuni kwa ngumi iliyomkalisha chini. Kafedha alikuwa nje na sinia lake la mihogo, mtoto mgongoni. Alisikia kelele za ndani zikipanda, zikakatika, kisha zikapanda tena kwa jina alilolijua. Aliacha mihogo akaenda kuchungulia mlangoni. Mumewe alisimama katikati ya mataa, mdomo umepasuka, anatazama watu mia saba wanaopiga miguu chini kwa ajili yake. Kafedha alikuwa ameolewa naye miaka mitatu, lakini uso ule hakuwahi kuuona. Akarudi kwenye sinia lake. Tangu siku hiyo hakuchungulia tena. Mapambano yote ya mumewe aliyafuata kwa masikio tu, nje ukutani, na akazoea kujua kwa mlio wa miguu ya watu kama Gershom anapiga au anapigwa.

Vita vilipokwisha, jeshi lilifunga mahema likaondoka, na banda likabaki. Hapakuwa na aliyeuliza ni la nani. Mlinzi wake, mzee Justus Nguma, Mgiriama aliyekuwa mpishi wa jeshi, alibaki na funguo kiunoni, na kwa kuwa alikuwa na funguo, watu walimhesabu kuwa ndiye mwenyewe. Aliwafungulia makuli, watu wa reli na vibarua wa viwandani. Harusi zilifanywa humo, na kwaya za Rabai na Ribe zilishindana humo. Makuli walipogoma Januari ya mwaka wa arobaini na saba, askari polisi walilifunga kwa majuma matatu wasije watu wakakusanyika. Lilipofunguliwa tena, Jumamosi ya kwanza watu walijaa mpaka wengine wakakaa juu ya mapaa ya nyumba jirani, wakisikiliza tu.

Mwaka huo huo, mwezi wa Desemba, Gershom alipigana na Mbwana wa Likoni, fundi wa mashua, kijana mwembamba mwenye mikono mirefu. Lilikuwa pambano la raundi nane. Kafedha, nje ukutani, alisikia miguu ya watu ikinyamaza katika raundi ya sita, na haikupiga tena mpaka mwisho. Gershom alitoka akitembea mwenyewe, jicho la kushoto limevimba kama ndimu. Mbwana alimfuata nyuma, amembebea viatu.

"Shikamoo, mama," Mbwana alimwambia Kafedha, ingawa hawakuzidiana sana kwa umri. "Unisamehe. Nilimwambia refa akatize, hakunisikia."

"Marahaba," Kafedha alisema. Akavipokea viatu.

Uvimbe ulishuka, lakini jicho halikurudi. Gershom hakumwambia mtu. Alisema ni vumbi la simenti ya bandarini. Kisha na la kulia, ambalo lilikuwa limepigwa miaka yote hiyo bila kulalamika, likaanza kufunikwa na kivuli kutoka chini kwenda juu. Kafedha alijua asubuhi moja walipokuwa wakinywa chai. Gershom aliinua birika akamimina, na chai ikamwagika mezani karibu na kikombe, ikatiririka mpaka magotini mwake, naye akaendelea kumimina.

"Baba Kahaso," Kafedha alisema, "weka birika chini."

Aliiweka. Halafu akasema, "Tangu mfungo wa Pasaka."

Walikwenda hospitali kisiwani. Daktari alimtazama kwa taa ndogo muda mrefu, akaongea na karani, na karani akawafasiria: ndani ya jicho kuna utando, umebanduka, na hapa hapana wa kuurudisha. Kafedha aliuliza kama kuna mahali pengine. Karani hakumfasiria daktari swali hilo. Alimjibu mwenyewe, kwa sauti ya chini, "Mama, nenda nyumbani ukamtunze."

Bandarini walimwachisha baada ya kukoswakoswa na behewa. Nyumba yao ya Chaani ilikuwa chumba kimoja na uwanda mdogo, na kila kitu ndani yake kilimgeukia Gershom kuwa adui: jiko, kigoda, ndoo, kizingiti. Alikuwa akigonga kitu, anasimama, anangoja maumivu yapite, kisha anasema pole kwa hicho kitu. Kahaso, binti yao, walimpeleka Rabai kwa bibi yake asome huko. Kafedha alisema ni kwa ajili ya shule, na ilikuwa kweli, lakini pia hakutaka mtoto azoee kuona vile.

Mzee Justus ndiye aliyekuja kumtoa. Alifika siku moja akasimama uwandani, funguo zinalia kiunoni.

"Gershom, kamba za ulingo zimelegea," alisema. "Mimi mikono imekwisha. Njoo unikazie."

"Mzee, mimi sioni."

"Kamba hazikazwi kwa macho."

Kafedha alimshika mkono mpaka mlangoni mwa banda, na hapo Gershom akauachilia mkono wake. Akaweka mguu juu ya mbao, akasimama kidogo, kisha akatembea. Hakunyoosha mikono mbele kama alivyofanya nyumbani. Alikwenda moja kwa moja mpaka ulingoni, akapanda vidaraja vitatu, akainama akapita katikati ya kamba, na kule juu akageuka akauliza, "Nani ameacha ndoo pale kulia?" Alikuwa ameisikia, maana mlio wa nyayo zake ulibadilika alipoipita. Justus alicheka. Kafedha alijifunika uso kwa leso, akatoka nje.

Kuanzia hapo alimpeleka kila asubuhi na kumfuata jioni. Gershom alikaza kamba, alifagia, alipanga mabenchi, na vijana wa reli walipokuja kujifunza ndondi aliwafundisha. Alikaa kwenye pembe ya ulingo, kichwa kimeinama, akisikiliza nyayo zao juu ya mvule. "Wewe wa upande wa jukwaa, unaburuta mguu wa kushoto," alisema. "Mwenzako ameshajua unakokwenda." Vijana walitazamana. Walianza kumwita mwalimu. Kafedha, akipita na sinia, aliwasikia wakimwita hivyo. Nyumbani, jioni hizo, Gershom alikula vizuri na kusimulia habari za mchana kama mwanamume yeyote anayetoka kazini. Hali hiyo ilidumu miezi michache tu.

Mapema mwaka wa arobaini na tisa walikuja wapimaji. Kafedha aliwaona wakichomeka vigingi vya mti kando ya banda, wakitazama kwenye kidubwasha cha miguu mitatu. Juma lililofuata, msalaba wa rangi nyekundu ulichorwa kwenye kila nguzo ya pembe. Mzee Justus alimwambia mambo aliyoyasikia: ardhi imepewa kampuni ya mafuta, yatajengwa matangi, na reli ndogo itapita hapo katikati.

"Lini?" Kafedha aliuliza.

"Hawakusema. Watu kama mimi hawaambiwi lini."

Kafedha hakumwambia Gershom. Siku tatu alinyamaza, akimshika mkono asubuhi na jioni, akimpitisha mbali na vigingi. Siku ya nne yeye na Justus walikwenda ofisini kwa mkubwa wa wilaya. Karani aliwaandikia barua kwa Kiingereza. Kafedha alitaka iandikwe kwamba ndani ya banda kuna mtu asiyeona, na kwamba hapo ndipo mahali pekee anapoweza kwenda. Karani alisita, kalamu mkononi.

"Hiyo si sababu ya serikali, mama," alisema. "Tuandike kuwa wananchi wanalihitaji kwa michezo na ibada."

"Na hiyo ni sababu?"

"Ni afadhali."

Wakaandika hivyo, watu thelathini wakatia vidole. Walingoja miezi miwili. Jibu lilipofika lilikuwa mistari minne, na karani yule yule aliwasomea: barua imepokewa, jambo limefikiriwa, jengo lilikuwa la muda tangu mwanzo, na watu wanashukuriwa kwa kupendezwa kwao. Kafedha alimwomba aisome tena, akidhani kuna neno amelikosa. Hakukosa neno.

Njiani kurudi, Justus alimwambia, "Itabidi umwambie wewe. Mimi sina ulimi huo."

Alimwambia jioni, walipokaa uwandani. Aliyapanga maneno kutoka Makupa mpaka Chaani, na alipoyatoa yalitoka kwa mkupuo, bila mpango wowote. Gershom alisikiliza mpaka mwisho.

"Nilijua," alisema. "Nilisikia wakipigilia vigingi. Nikasikia na wewe unanizungusha njia."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema nini, Mama Kahaso? Nawe ungefanya nini?"

Kafedha alichukua mchele akaanza kuuchagua, ingawa alikuwa ameshauchagua mchana, naye Gershom akakaa akisikiliza chembe zikianguka kwenye ungo.

Waliambiwa banda litavunjwa mwisho wa Agosti. Wavunjaji walikuja tarehe nane ya mwezi huo. Ilikuwa Jumatatu asubuhi, manyunyu yamekatika, na Kafedha alikuwa ameshamfikisha Gershom na kurudi kukaanga mihogo yake, aliposikia mabati yakilia. Alipofika, vibarua walikuwa juu ya paa wakiyang'oa na kuyatupa chini, na jua lilikuwa limeingia mahali ambapo halikuwahi kuingia. Justus alisimama kando na funguo mkononi. Hapakuwa na aliyeziomba.

Gershom alikuwa ndani, amekaa kwenye benchi la mwisho lililosalia. Kafedha alimshika bega.

"Twende nyumbani."

"Ngoja kwanza," alisema. "Nyapara ameniruhusu. Amesema nisikae chini ya mabati tu." Uso wake alikuwa ameuelekeza juu, kwenye jua. "Paa likiondoka, sauti inabadilika. Unasikia?"

Kafedha hakusikia chochote isipokuwa nyundo. Alibaki naye siku hiyo yote. Siku ya pili pia alibaki, na siku ya tatu Gershom alimwambia aende akauze, kwani mihogo ilikuwa inaoza. Nyapara, mtu wa Kibwezi mwenye maneno mazuri, alimhakikishia kwamba leo wanashusha mabati ya ubavuni tu, na sakafu hawataigusa mpaka Ijumaa. Kafedha akaenda. Aliuza mpaka jua likawa la kichwani, akanunua ndimu na chumvi, akarudi kwa njia ya reli.

Kuta za upande wa njia zilikuwa zimekwisha kuondolewa, na kwa hiyo aliona ndani kutoka mbali, akiwa bado hatua mia moja. Aliona lori limerudishwa nyuma mpaka jukwaani. Aliona mbao za mvule zimepangwa juu ya lori, na vibarua wamekaa kivulini mwa lori wakila. Mwenye lori alikuwa amefika mapema, naye nyapara akawaambia waanze na sakafu ili lisirudi tupu. Ulingo ulikuwa umeondolewa na mbao za katikati zimeng'olewa zote, pamebaki magogo ya chini na shimo la kimo cha mtu mpaka kwenye simenti. Na aliona Gershom ameinuka kwenye benchi lake, upande wa mlango, kwa sababu nyundo zimenyamaza kwa ajili ya chakula, na katika kelele za mabati hakutambua kwamba sakafu nayo ilikuwa inang'olewa. Alikuwa anatembea kuelekea ulingoni, mikono imetulia ubavuni, kichwa juu, kama alivyotembea kila siku.

Kafedha alifungua mdomo. Baadaye alijiuliza mara nyingi alikuwa amechelewa kwa kiasi gani, na kama jina fupi zaidi lingefika. Alisema "Baba Kahaso," na sauti yake ilipofika, Gershom aligeuza kichwa kumtafuta, mguu ukiwa tayari hewani.

Alivunjika nyonga na mkono. Vibarua walimtoa kwa turubai, wakamlaza juu ya zile zile mbao katika lori, kwa kuwa hapakuwa na gari lingine, na lori likawapeleka hospitali. Kafedha alikaa juu ya mbao akimshikilia kichwa kisigonge. Nyapara alikuwa mbele na dereva. Walipofika alishuka akasimama mbele ya Kafedha akitaka kusema, na macho yake yalijaa machozi, na Kafedha akaona kwamba hata kumkasirikia mtu huyu hataweza.

"Mwenye lori ndiye aliyetaka," nyapara alisema.

"Nimesikia," Kafedha alisema.

Gershom alilala hospitali mpaka Oktoba. Nyonga iliunga vibaya, na alipotoka alitembea kwa mkongojo, mguu mmoja umefupika. Walihamia Rabai, kwa mama yake Gershom, ambako Kahaso alikuwapo na chakula hakikununuliwa. Kafedha alimsafishia ua, akaondoa mawe na visiki, akafunga kamba ya katani kutoka mlangoni mpaka kwenye mnazi, ili awe na pa kushika. Gershom aliifuata mara moja, mpaka mwisho na kurudi.

"Asante," alisema. "Lakini udongo hauna sauti. Sijui niko wapi."

Hakuishika tena. Kamba ilikaa pale mpaka mama mkwe akaanikia nguo. Vijana wawili wa reli walikuja kumsalimu Jumapili moja, wakamwita mwalimu, wakakaa kidogo, wakaaga. Justus alitumiwa salamu mara mbili, lakini alikuwa amerudi kwao Ganze, na salamu hazikujulikana kama zilimfika.

Siku chache kabla ya Krismasi, Gershom alimwomba Kafedha ampeleke Changamwe. Kafedha alimuuliza kuna nini huko. Akasema hakuna, anataka tu kufika. Walipanda basi, wakashuka stesheni, wakatembea polepole sana, mkongojo upande mmoja, mke upande wa pili. Jua lilikuwa kali. Kulikuwa na uzio wa waya, na nyuma yake matangi mawili makubwa meupe, la tatu likiwa bado linajengwa, na reli mpya inang'aa ikipita katikati. Mlinzi kwenye lango aliwatazama, akaona hawana ubaya, akageukia mambo yake.

Gershom alishika waya. Alikaa vile muda mrefu, kichwa kimeinama, akisikiliza. Mafundi walikuwa wakigonga chuma kule ndani.

"Mlango ulikuwa wapi?" aliuliza.

Kafedha aliangalia. Alikuwa amekaa kwenye mlango ule miaka sita, na sinia lake, mvua na jua. Alitafuta kisima, lakini kilikuwa kimefukiwa. Alitafuta njia ya kwenda kisimani, na mikorosho miwili iliyokuwa imesalia nyuma ya jukwaa, na nyumba ambazo watu walikaa juu ya mapaa yake. Kote kulikuwa na kokoto nyeupe zilizosawazishwa. Alitembea hatua chache upande wa kushoto, akarudi, akatembea upande wa kulia. Gershom alimngoja, uso umeelekea mahali pasipo na kitu.

"Sijui," Kafedha alisema mwishowe. "Nimeshindwa kupaona."

Gershom alitikisa kichwa kukubali. Aliuachia waya, akatafuta mkono wa mkewe, na Kafedha akampa. Walirudi stesheni kungoja basi la saa tisa, wakakaa kwenye benchi la wasafiri. Lilipochelewa, Kafedha alimmenyea chungwa, wakala.